Kauli ya Kutendwa

Siku ya tisa, ukumbi wa hoteli, Hurlingham.
Nje mijakaranda imemwaga zambarau juu ya magari ya serikali
na askari anaifagia kwa buti.
Mimi mkalimani. Nalipwa kwa saa.
Sina upande; ndivyo isemavyo kadi shingoni mwangu.

Kushoto Kanali Wafubwa, miwani, kalamu tatu.
Kulia Ndiwa, aliyeshuka msituni na kuingia koti
la Gikomba, la shilingi mia nne,
mikono yake mirefu hata siku ya kwanza
nilidhani mwenyewe hana vidole.

Rasimu inasomwa. Ibara ya kwanza:
*Jamii ya Watelwa, ambayo iliachwa nyuma…*
Ndiwa anainua mkono wa koti.
"Nyuma ya nani? Sisi hatukuwa safarini.
Tulikuwa nyumbani, tunarina asali.
Mlitukuta. Mkapiga seng'enge, mkasema msitu ni wa taifa,
kisha taifa likaja na misumeno."

Ibara ya pili:
*Nyumba zilichomwa. Mizinga ya nyuki ilivunjwa.
Vijana walichukuliwa usiku.*
Hapo nikakwama.
Kitelwa, lugha ya mama yangu
(hilo kadi haikulisema),
hakina kauli ya kutendwa.
Kitenzi kisicho na mtenda hakisimami,
ni mzinga uliotundikwa hewani.

"Samahani, afande. Nani alichoma?"
"Tafsiri ilivyoandikwa."
"Haitafsiriki. Kule nyumba haichomwi.
Kuna mtu huichoma."

Chai ikapoa. Mawakili wakatoka kuvuta sigara,
mabalozi wakapiga simu kuuliza kulikoni,
wakaambiwa: herufi.
Siku tatu tulizozana juu ya w,
kile kijiherufi kilichojibanza mwishoni mwa neno
kama mtu nyuma ya mlango, viatu vyake vinaonekana.

Siku ya kumi na mbili Kanali akavua miwani.
"Andika *tulichoma*," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya simu.
Halafu, bila kuulizwa:
"Nilikuwa luteni. Upepo ulivuma toka kaskazini,
tukaanzia huko, kazi iwe nyepesi."
Hakuna aliyepiga makofi.
Mhudumu aliingia na mandazi, akatoka nayo.

Nilidhani tumevuka.

Ibara ya tano waliiandika watu wa Ndiwa,
kwa Kiswahili, wino wa bluu:
*Mwalimu Chesama aliuawa sokoni.*
Kumbe w inafundishika upesi.
Nikamsomea kwa Kitelwa, nikasimama
pale jina linapotakiwa.
"Nani?" nikauliza.
Haikuwa kazi yangu kuuliza.
Chesama ndiye aliyenishika mkono
nikachora herufi ya kwanza vumbini.

Mikono ya koti ikapanda usoni, ikakaa huko.
"Tulimuua," lilisema koti.
"Alipita nyumba kwa nyumba na daftari la sensa.
Tulidhani anayekuhesabu anakuwinda.
Walikuwa wametuwinda miaka mingi
bila kutuhesabu."

Nikalitafsiri lote. Kanali aliandika mwenyewe,
kalamu ya kwanza ikagoma, akachukua ya pili.

Ijumaa mkataba ulitiwa saini.
Hapana. Wafubwa alitia saini.
Ndiwa alitia saini, akikunja mkono wa koti mara tatu
ili kalamu ifike karatasini.
Bunduki, wamekubaliana, zitahesabiwa Januari.
Ibara ya kumi na nne, ile ya msitu,
bado inasema *ardhi itarudishwa*.
Niliwaonyesha. Walikuwa wamechoka,
na ndege ya Ndiwa ilikuwa ya saa kumi.

Kabla ya uwanja wa ndege alitaka kupitia Gikomba.
Mvua imenyesha, tope hadi kwenye fundo la mguu.
Muuzaji akaligeuza koti, akalinusa,
akasema mia na hamsini.
Ndiwa akanitazama.
Nikamtafsiria bei.